Tuta Nililolipima kwa Mkeka wa Ayeeyo

Ilianza Jumamosi, saa tisa na nusu alasiri, na ilianza na harufu ya mavi ya mbuzi yaliyomwagiwa maji. Samahani kama unasoma huku unakula. Harufu hiyo hiyo ndiyo iliyonirudisha nyumbani wiki iliyopita, hapa shuleni, wakati wasichana wa somo la kilimo walipokuwa wakichanganya mbolea nyuma ya bweni na wenzangu wote wakakimbia wameziba pua kwa mitandio. Mimi nilibaki nimesimama. Ni harufu kali, yenye joto, inayopanda puani kama majani ya chai yaliyochemka kupita kiasi, lakini chini yake kuna utamu fulani, utamu wa nyasi iliyokaukia juani. Nilivuta pumzi tena, nikajiona nina miaka kumi, magoti yamejaa vumbi jekundu, niko uani kwetu Galbet, mjini Garissa, na Ayeeyo hayupo nyumbani.

Ayeeyo ni nyanya yangu, mzazi wa Hooyo, yaani mama yangu. Alikuwa amekuja kwetu mjini baada ya ukame kummalizia ng'ombe wake huko upande wa Kotile. Alishushwa kwenye lori akiwa na mbuzi mmoja wa maziwa, kibuyu kilichonuka moshi, na mkeka wake wa kulalia ambao alikuwa ameusuka mwenyewe, wenye mistari myekundu iliyopauka. Aabo, baba yangu, alikuwa dereva wa lori la maji huko Dadaab na nyumbani alikuja akipata nafasi, kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa ya wanawake: Hooyo, Ayeeyo na mimi.

Mjini hapakumfaa. Aliamka kabla ya adhana kama alivyozoea, akaswali, akamkamua mbuzi wake, na kazi ikawa imekwisha. Jua lenyewe lilikuwa bado halijatoka. Siku nzima iliyobaki alikaa mlangoni akiwaangalia punda wa mikokoteni ya maji na kuwasema wenye punda kwamba hawajui kufunga mzigo. Siku moja nilipokuwa nikimkanda miguu aliniambia, "Huku kwenu, Aamusan, nikiamka nisipoamka ni mamoja. Hakuna anayelia kwa sababu nimechelewa."

Aamusan lilikuwa jina langu la utani. Maana yake ni aliyenyamaza. Nyumbani waliniita hivyo kwa sababu mgeni akiingia mimi nilikuwa nyuma ya pazia, na nikilazimishwa kusalimia, salamu ilitoka kama upepo chini ya mlango. Darasani nilijua majibu na sikuyasema. Mtu pekee niliyezungumza naye bila kutafuta maneno alikuwa Ayeeyo, labda kwa sababu yeye hakungoja nimalize. Akinikatiza katikati, nami nikamkatiza, tukaendelea hivyo mpaka maziwa yachemke na kumwagika.

Basi fikiria nilivyojisikia aliposema anarudi Kotile. Mvua ilikuwa imenyesha, nyasi imeota, alisema, na lori lingeondoka Jumatatu alfajiri. Atakuwa na ng'ombe wa nani? Hakuna. Ataishi na nani? Na kaka yake, mzee kuliko yeye. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Usiku alimwita mbuzi wake akimwelekea kuku. Lakini kwetu mkubwa akisema jambo, hapingwi. Hooyo alijibu, "Insha'Allah, mama, kama unavyotaka," akaenda zake jikoni, na nikamwona akipepeta mchele uliokuwa safi tayari. Jamaa nao walijibu vivyo hivyo, wakaleta sukari na majani ya chai ya safari. Kila mtu akawa anamsaidia kuondoka, na hakuna aliyetaka aondoke.

Wiki hiyo hiyo mwalimu wetu wa kilimo, aliyetoka bara, alitufundisha tuta la kuinua. Udongo wa kwetu ni mgumu na una chumvi, alisema, ukimwaga maji yanakimbia kama mtu anayedaiwa. Kwa hiyo usichimbe chini. Panga mawe pembeni, jaza udongo mzuri na samadi, inua hadi magotini, upande juu yake. Upana uwe ule ambao mkono unafika katikati. Akatugawia miche ya sukuma wiki na mchicha, imefungwa kwenye gunia bichi. Wenzangu wengi waliwapa mbuzi kabla hawajafika nyumbani. Mimi nilibeba yangu kama mtoto mchanga, kwa sababu nilikuwa nimepata wazo. Kitu kinachotaka maji asubuhi na jioni ni kitu kinachomtaka mtu aamke.

Jumamosi hiyo Ayeeyo alikwenda kuwaaga jamaa upande wa pili wa Galbet, na wakamzuia alale huko. Hooyo alikuwa kibandani kwake sokoni. Nikaona hii ndiyo nafasi. Lakini sikuwa na jembe, na jembe lilikuwa kwa jirani yetu Mama Mwende, Mkamba aliyeolewa na karani wa serikali. Nilisimama mlangoni pake mpaka kivuli changu kikamwita.

"Ni wewe, mtoto? Unataka nini?"

"Jembe," nikasema. "Nataka kubanda."

"Banda? Unajenga banda? La kuku?"

"Hapana. Kubanda. Mboga."

"Aaa! Kupanda! Sema pa. Fumba midomo, halafu uachilie. Pa!"

"Ba," nikasema, maana Kisomali chetu hakina sauti hiyo.

Alicheka hadi akashika mlango, kisha akanipa jembe na zaidi ya jembe: mumewe alikuwa amechimbisha shimo jipya la choo, na rundo la udongo mwekundu, laini, lilikuwa limekaa hapo bila mwenyewe. "Chukua wote," akasema. "Ukimaliza njoo uniite nione hilo banda lako."

Nilibeba udongo kwa karai, karai baada ya karai, mpaka shingo ikaingia mabegani. Mawe niliyaokota kando ya barabara. Samadi niliikwangua zizini, nikaimwagia maji tuliyofulia, na hapo ndipo ile harufu ilipopanda. Sikuwa na futi ya kupimia, kwa hiyo nikautoa mkeka wa Ayeeyo, nikautandaza chini sambamba na ukuta wa jikoni, nikachora pembeni yake kwa kijiti. Mkono wangu ulifika katikati. Nikaona Mungu amenisaidia. Nikapanga mawe kuufuata mchoro, jiwe kubwa kuliko yote nikaliweka kwenye ncha moja kwa sababu halikuingia kwingine, nikajaza udongo na samadi, nikapiga juu kwa kiganja mpaka pakawa laini, pana kijimgongo kizuri. Halafu nikakumbuka mbuzi. Mbuzi wa Galbet wanakula hata sanduku la barua. Nikakata matawi ya miiba, nikayazungushia tuta lote, yakashikana.

Hooyo alirudi akiwa amechoka, akatupa jicho mara moja, akauliza, "Kazi ya shule?" Nikatikisa kichwa kukubali. Akasema nioge. Miche niliiacha ndani ya gunia kivulini, nipande kesho yake Ayeeyo akiwepo, na mkeka nikauanika juu ya miiba upate upepo. Nililala nikiwa na raha ambayo sijui kuieleza.

Sasa wewe unayesoma, kama umekulia kwingine, huenda unaliona tuta la mboga. Lakini waangalie watu wangu. Huko porini, mtu akizikwa, juu hubaki kilima kirefu cha udongo, na mawe pembeni, na jiwe kubwa kichwani. Na kwa sababu ya fisi, kaburi huzungushiwa miiba. Mimi nilikuwa mtoto wa mjini, na watoto wa kike hatupelekwi makaburini. Sikujua nilichokuwa nimejenga uani kwa mama yangu.

Aliyeona wa kwanza alikuwa Halima Dheer, yaani Halima Mrefu, muuza maziwa, ambaye kwa urefu wake hakuna ua uliowahi kumficha kitu. Jumapili asubuhi alipita na mitungi yake, akatazama ndani, akaona kilima, mawe, miiba, na juu ya miiba mkeka wa Ayeeyo. Hakugonga. Alitua mitungi, akaenda nyumba kwa nyumba.

Hooyo alikuwa anapika anjera wakati wanawake walipoanza kuingia, mmoja baada ya mwingine, vichwa vimefunikwa, mmoja ana chupa ya chai, mwingine sukari, mwingine analia tayari.

"Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un," wakasema.

Hooyo akasimama na upawa mkononi. "Nani amekufa?"

"Dada yangu, usijikaze hivyo," Halima akasema, akamkumbatia pamoja na upawa. "Lia. Lakini kutuficha, hapana. Mmemzika jana bila kutuita?"

"Kumzika nani?"

"Hata jina lake hawezi kulitaja, maskini," mmoja akamnong'oneza mwenzake.

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia langu. Niliona kila kitu na sikuelewa chochote. Mama Mwende naye alikuja kwa sababu ya kelele, akasimama getini akiuliza kwa Kiswahili, "Kuna nini? Pole jamani, nani amefariki?" Wakamjibu, "Bole sana, ni bibi, ni bibi wa hapa," naye akashika mashavu, "Yule nyanya? Jana si alipita akiwa mzima!" Akaanza kulia kwa sauti kubwa ya Ukambani, na hapo wale ambao walikuwa hawajaanza nao wakaanza.

Na katikati ya kilio hicho geti likafunguka, akaingia Ayeeyo na fimbo yake.

Aliona ua umejaa. Akavua viatu, kama inavyotakiwa, akakaa na wengine kwenye jamvi, akainamisha kichwa. Kisha akamuuliza aliye karibu naye, kwa heshima, sauti chini, "Mwenyezi Mungu awape subira. Nani amefariki?"

Yule mama akageuka. "Ni we—" akasema, na chupa ya chai ikamtoka mkononi.

Sitaweza kuandika kelele iliyofuata. Mmoja alikimbia bila viatu. Halima Dheer alimshika Ayeeyo mkono, akaubinya kuona kama una nyama. Ayeeyo ndiye pekee aliyetulia. Alifuata macho yao, akaliona tuta, akanyanyuka, akalizunguka polepole akigusa miiba kwa fimbo. Akautoa mkeka wake. Akaulaza kando ya mawe, ncha kwa ncha. Ulilingana.

"Kumbe mliona lori linachelewa kuniondoa," akasema.

"Mama, wallahi sijui," Hooyo akasema. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Ni mtoto, ni mambo ya shule—"

"Nyamaza. Aliyechimba aseme mwenyewe." Akakaa juu ya lile jiwe kubwa, fimbo magotini. "Yuko wapi?"

Wanawake wote wakageukia pazia. Nilitoka. Naweza kukuambia ukweli hapa: miguu yangu ilikuwa imelowa, na si kwa jasho. Sikuwahi kusimama mbele ya watu wengi kiasi kile nikitakiwa kusema.

"Sikuchimba," nikasema.

"Sauti!"

"Sikuchimba, Ayeeyo. Nimeinua. Si kaburi. Ni sukuma wiki."

Mtu mmoja akacheka puani. Ayeeyo hakucheka. "Na kwa nini umeipima kwa mkeka wangu?"

"Ili ikutoshe," nikasema, na papo hapo nikajua nimeharibu, kwa sababu Halima Dheer alijifunika uso kwa shungi na mabega yakaanza kumtikisika.

"Initoshe," Ayeeyo akarudia. "Haya. Nimesikia. Nitafunga mzigo wangu leo, nisiwasumbue kungoja kesho."

Hapo ndipo kitu kilipopasuka. Sikukipanga. Nilisikia sauti na nikatazama ni nani anayeitoa. "Usiende! Nimekufanyia wewe, uwe na kitu cha kunywesha asubuhi! Ulisema hakuna anayelia ukichelewa, hivi vitakauka ukichelewa, vitakufa vyote! Huko Kotile hakuna hata ndama, na macho yako hayaoni, na mimi nitazungumza na nani? Kila mtu anasema insha'Allah, insha'Allah, na hakuna anayetaka! Hooyo hataki! Mimi sitaki! Usiende!"

Hata Mama Mwende, ambaye hakuelewa neno la Kisomali, aliacha kulia akafuta pua.

Ayeeyo alinitazama. Kisha akamtazama binti yake, Hooyo, aliyekuwa ameshika upawa bado, na Hooyo akasema kwa sauti ndogo, ndogo kuliko zangu zote, "Ni kweli, mama. Hata mimi."

Ayeeyo akasafisha koo. "Mlete huyo mgonjwa nimwone," akasema.

Nilileta gunia. Alifungua, akainua mche mmoja kwa vidole viwili, ukalala upande. "Huyu amekonda. Mama yake alikuwa nani?" Akanusa. "Na haya ni majani. Majani ni ya mbuzi. Mnataka nizeeke nikila chakula cha mbuzi wangu?" Wanawake wakacheka sasa waziwazi, na chai iliyoletwa kwa matanga ikamiminwa, kwa sababu hakuna aliyeona busara ya kuirudisha nyumbani. "Anakunywa mara ngapi?"

"Asubuhi na jioni."

"Kila siku?" Akatazama watu kuomba ushahidi. "Ngamia mwenyewe hana jeuri hiyo."

Tulipanda jua lilipopoa. Mama Mwende alituonyesha kutoboa shimo kwa kidole na kukandamiza udongo shingoni mwa mche. Mwalimu alikuwa amesema nafasi ya shibiri kati ya mche na mche. Ayeeyo alikataa, akasema kundi likitawanyika hivyo litaliwa na fisi, na kila nilipougeuza mgongo alisogeza mche mmoja karibu na mwenzake. Alipanda amepiga magoti, midomo ikisema bismillahi kwa kila shimo, kucha zake zenye hina zimeingia udongo. Lakini hakusema anabaki. Furushi lake lilikuwa mlangoni, limefungwa, na halikufunguliwa jioni ile. Mimi nami nilikuwa nimemaliza maneno yangu yote ya mwaka.

Miaka mingi nilikiita kisa hiki siku ambayo Ayeeyo alidhani tumemchimbia kaburi. Tulikisimulia kwenye harusi. Yeye mwenyewe alikuwa akikaa akisikiliza, hasemi kitu, anatafuna tende. Mpaka mwaka jana, kidato cha pili, mwalimu wa dini alichora ubaoni jinsi maiti anavyolazwa: ubavu wa kulia, uso kibla. Kwetu Garissa kibla ni kaskazini, kwa hiyo kaburi hulala kuelekea mashariki na magharibi. Nilitazama ule mchoro, nikaliona tuta langu sambamba na ukuta wa jikoni, limenyooka kaskazini moja kwa moja kama mkeka wa kuswalia. Ayeeyo alikuwa akiswali katika ua ule mara tano kila siku. Alikuwa amezika mume, amezika watoto wawili huko porini, amekata miiba ya makaburi yao kwa mikono yake. Hawezi kuwa alilidhania kaburi hata kidogo. Alijua tangu alipolizunguka kwa fimbo, na pengine tangu pua yake ilipopata ile harufu, kwa sababu hakuna Muislamu anayezikwa na samadi.

Nilicheka peke yangu darasani, mwalimu akanitoa nje, na huko nje nikalia kidogo. Nilikuwa nimefikiri siku zote kwamba tulikubali aende kwa sababu ya heshima. Sikuwahi kufikiri heshima hiyo ilionekanaje kutoka upande wake: anasema naondoka, na binti yake anasema sawa, na majirani wanaleta sukari. Alikuwa akingoja mtu mmoja akatae. Na alipoona kuna mtu amekataa kwa mawe na udongo, akataka alisikie neno hilo kwa masikio yake. Ayeeyo yupo bado, sukuma wiki hajala hadi leo, hukata na kumpa mbuzi mbele yetu bila aibu. Sijamuuliza. Nikimuuliza atasema macho yake yalikuwa na ukungu.

Jumatatu hiyo niliamshwa na honi ya lori barabarani. Nje kulikuwa na weupe tu, jogoo wa Mama Mwende akijaribu sauti. Nilisikia utingo akiita, "Ayeeyo! Ayeeyo wa Kotile! Twende!" Nilishika shuka kwa ngumi.

Kisha nikasikia maji yakimiminwa kutoka kopo, kidogo kidogo, mahali baada ya mahali, na sauti yake ikijibu kutoka upande wa jikoni, bila haraka, "Nendeni, nendeni! Nina wagonjwa hapa."

Lori likaondoka. Hooyo alikuja akanitikisa bega, akaniambia niamke nikanyweshe mboga zangu. Nami nikafumba macho, nikakoroma kidogo, nikageukia ukutani.